Siku Thelathini za Ceniza

Walimleta kwa feri kutoka ng'ambo ya mlangobahari
ndani ya sanduku la viatu vya marehemu,
namba arubaini na tatu, kifuniko kimetobolewa kwa msumari.
Jirani yake akasema: "Mdogo wako
hakuacha kitu kingine kinachokula."
Nikatia saini. Upepo wa Punta Arenas
ulitaka kuninyang'anya sanduku na skafu kwa pamoja.
Nikachagua sanduku.

Daktari wa mifugo, mtu wa kondoo,
alinisomea sheria kwa simu:
siku thelathini, vyumba viwili, milango ifungwe,
uoshe mikono, ubadili aproni,
na yule mzee umlishe kwanza, kila siku, usisahau.
Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Wangu nilimpa mwezi mzima
na chumba cha kufulia chenye dirisha la kutazama theluji.

Membrillo ana miaka kumi na sita.
Njano yake imechujuka kama pazia la jikoni,
kishungi kimebaki manyoya manne.
Aliposikia nyuma ya ukuta
mkwaruzo wa kucha zisizo zake
aliyasimamisha yote manne.
Hakula hadi jioni.
Nikamwambia: usinitazame hivyo, mimi pia sikumwalika.

Miaka kumi na moja sikusema na Nibaldo.
Sababu ilikuwa nyumba ya mama,
kisha ikawa jiko la chuma lililokuwamo,
kisha ikawa sababu tu.
Mkubwa kati yetu ni mimi.

Ceniza, yaani jivu, jina na rangi,
alikaa kwenye kona ya tundu
uso ukutani, kama mtoto aliyeadhibiwa.
Usiku wa tisa, nikiwa nakunja mashuka,
akakohoa.
Si kikohozi cha ndege. Kikohozi cha mvuta sigara:
kifupi, kifupi, kirefu,
na mwishoni kile kikoromo cha kusafisha koo
kabla ya kusema neno.

Nilisubiri neno.
Mashuka yakapoa mikononi.

Siku ya thelathini na moja niliyaweka matundu sebuleni,
hatua tatu katikati.
Membrillo akatanua mabawa, akafoka.
Ceniza akampa mgongo.
Kesho yake hatua mbili. Jumapili nikarudi tatu,
maana haraka ilikuwa yangu, haikuwa yao.
Matundu yalipogusana nikafunga mashuke ya ulezi,
moja huku, moja kule, jirani kwa jirani.
Waligoma. Kisha wakala, kila mmoja upande wake,
kama ndugu waliokutana kwa mwanasheria.

Milango niliifungua Agosti.
Kioo nilikifunika taulo, sufuria ya moto nikaiondoa,
vibakuli viwili vya chakula, viwili vya maji,
pasiwe na cha kugombea.
(Laiti mama angeacha majiko mawili.)
Membrillo akamng'ata mguu. Tone moja la damu,
dogo kuliko la kisu cha vitunguu.
Nikawatenganisha. Nikaanza upya, hatua tatu.

Sasa ni Oktoba. Wasiniulize kama wanapendana.
Wanakaa kijiti kimoja, shibiri moja kati yao,
na shibiri hiyo ina siku zake, hupungua, huongezeka.
Juzi mzee aliinamisha kichwa, akangoja kukunwa,
akangoja sana,
akajikuna mwenyewe kwenye waya.

Leo alfajiri, kabla sijawasha taa,
nilimsikia Membrillo akikohoa.
Vibaya, kama mtu wa makamo anayejifunza lugha:
kifupi, kifupi, kile kirefu kikamshinda.
Ceniza akakirudia taratibu.
Akakirudia tena.

Nilisimama mlangoni, birika mkononi.
Nikasafisha koo.
Halafu nikaondoa taulo juu ya tundu,
nikapima mbegu kwa kijiko,
na mzee nikamlisha kwanza.